SNP ina OR 1.30 na p chini ya 5×10⁻⁸: nini kifanyike kabla ya kusema "inaongeza hatari ya ugonjwa"?

Nukta_Moja ameuliza:

Wakuu, salaam. Swali hili ni la wale wanaoshika data za jeni kila siku. Ili tuwe na namba za kushikia, chukueni mfano huu wa kubuni: wagonjwa 3,000 wa ugonjwa mmoja sugu na watu 3,000 wasio nao. Wote wamepimwa kwa chipu ya jenotaipu, na varianti (tofauti za DNA) ambazo hazimo kwenye chipu zimejazwa kwa makisio kutoka paneli rejea, yaani jenomu za watu waliokwisha kusomwa. SNP moja, yaani mahali pa DNA ambapo watu hutofautiana kwa herufi moja, inachomoza juu ya nyingine zote. Alele (herufi) inayoshukiwa inapatikana kwenye asilimia 20 ya kromosomu za wasiougua, OR, yaani mara ambazo uwiano wa wagonjwa kwa wazima unazidishwa kwa kila nakala, ni 1.30 (kati ya 1.19 na 1.42), na p, uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivi kwa bahati tu, ni 9×10⁻⁹. Lambda ya jenomu nzima (jinsi matokeo ya SNP zote yalivyovimba kupita ya bahati; 1 ni hali ya kawaida) ni 1.12. SNP yenyewe imekaa ndani ya introni (kipande kisichoandika protini) ya jeni ambayo inafanya kazi kwenye kiungo kile kile kinachougua.

Nauliza matatu. Namba hii nianze kuikagua wapi kabla ya kuiamini? Ikithibitika kuwa ya kweli, naruhusiwa kusema SNP hii, au jeni hii iliyo nayo, ndiyo inayoleta ugonjwa? Na mtu mwenye nakala mbili anaelezwaje? Ripoti nyingi zinaandika "hatari yako imepanda kwa asilimia 30" na kuishia hapo.

Kishada_Tatu amejibu:

Mkuu, anza na mchoro wa mwanga wa SNP hiyo, hata kabla ya kugusa programu ya takwimu. Chipu husoma rangi mbili, moja kwa kila alele, na kila mtu huwa nukta moja kwenye mchoro. SNP nzuri inatoa vishada vitatu vilivyoachana: kushoto wenye nakala mbili za alele ya kwanza, katikati wenye moja ya kila aina, kulia wenye mbili za alele ya pili. Tatizo la kawaida ni kishada cha katikati kutambaa na kugusa cha pembeni. Programu ikiona nukta zilizo kati ya vishada haiziamui, inaziacha wazi. Sasa kama DNA ya wagonjwa ilitolewa kwa njia tofauti na ya wenzao, au ilikaa kwenye friji miaka mingi zaidi, nafasi zilizo wazi zitakuwa nyingi upande mmoja, na mara nyingi zitakuwa za watu wa kishada cha katikati.

Piga hesabu uone madhara yake. Alele ikiwa asilimia 20, watu 64 kati ya 100 hawana nakala, 32 wana moja, 4 wana mbili. Poteza sehemu moja ya kumi ya wale 32 kwa wagonjwa peke yao: alele inashuka kutoka asilimia 20 hadi 19, na OR inasoma 0.94. Ugonjwa haukuhusika hata kidogo, ni kasoro ya usomaji. Ukiwa na maelfu ya watu, kasoro ndogo namna hiyo inaanza kuonekana kama ugunduzi. Kwa hiyo linganisha nafasi zilizo wazi kati ya makundi mawili kwa kila SNP, na uondoe ile yenye tofauti ya p chini ya 10⁻⁵.

Kama SNP yako ya juu ilijazwa kwa makisio, haina mchoro. Hapo angalia majirani zake waliopimwa moja kwa moja. Ishara ya kweli huinuka kama mnara: SNP zenye r² (kipimo cha kurithiwa pamoja, 0 hadi 1) ya 0.8 na kuendelea na ile ya juu nazo zina p ndogo, na p inalegea kadiri r² inavyoshuka. Nukta moja iliyo peke yake angani, chini yake kutupu, nina shaka nayo mpaka ipimwe upya kwa njia nyingine, kwa mfano TaqMan, kwa sampuli mia kadhaa. Wengi hukubali ubora wa makisio wa 0.3 (kati ya 0 na 1) kwa kuchuja data nzima. Kwa SNP unayotaka kuitangaza, dai 0.8.

Vichujio vingine ni vya kawaida: ondoa mtu ambaye zaidi ya asilimia 2 ya SNP zake hazikusomeka, ondoa SNP isiyosomeka kwa zaidi ya asilimia 2 ya watu, ondoa mtu ambaye jinsia ya kromosomu X haiafikiani na fomu, kwa sababu hiyo kwa kawaida ni dalili ya mirija kubadilishana, ondoa mmoja katika kila jozi ya ndugu wa karibu. Hardy-Weinberg, yaani uwiano wa wenye nakala 0, 1 na 2 unaotarajiwa kutokana na wingi wa alele, ipimwe kwa wasiougua, kikomo p ya 10⁻⁶. Usiipime kwa ukali huo upande wa wagonjwa, maana varianti inayohusika kweli inaweza kuvuruga uwiano wao na utakuwa umeitupa ile ile uliyokuja kuitafuta. SNP za kromosomu X, kama zile za G6PD, zipimwe kwa wanawake tu. Mwanamume ana nakala moja na hawezi kuwa kishada cha katikati.

Kuna mtego mmoja nataka niuonyeshe kwa karibu, maana unaangusha hata wazoefu. Chukua rs334, ile ya selimundu. Herufi zake ni A na T. Jeni ya HBB inasomwa kwa uzi wa nyuma, kwa hiyo vitabu vya tiba vinasema GAG imekuwa GTG, yaani A imegeuka T. Faili la jenomu rejea limeandikwa kwa uzi wa mbele, na hapo herufi ya kawaida ni T, ya selimundu ni A. A inaoana na T, hivyo ukikosea uzi herufi hazikupi onyo lolote. Maabara moja ikiandika kwa uzi wa jeni, nyingine kwa uzi wa mbele, ukaunganisha mafaili, basi watu wote wasio na selimundu wa faili moja wanageuka kuwa nayo. SNP za A/G au C/T zinajisema zenyewe, kwa sababu ukigeuza uzi unapata herufi ambazo hazimo. Zile za A/T na C/G zinakuhitaji ulinganishe wingi wa alele na paneli ya watu wa asili moja na wako. Na wingi ukikaribia nusu kwa nusu, yaani alele ndogo ikizidi asilimia 40, huwezi kuamua, itoe.

Hapo hapo hakiki toleo la jenomu. rs334 iko 5,248,232 kwenye kromosomu 11 kwa GRCh37, lakini ni 5,227,002 kwa GRCh38. Ukiunganisha mafaili kwa nafasi bila kuangalia toleo, unaunganisha vitu viwili tofauti na hakuna programu itakayolalamika.

Mstari_Mnyoofu amejibu:

Niongeze kuhusu lambda, maana mwenye mada ameitaja na kuipita. Kwa OR 1.30 na p uliyotoa, z (ukubwa wa ishara ukilinganishwa na kosa la makadirio) ni karibu 5.75. Ukigawanya kwa kipeuo cha pili cha 1.12, yaani 1.058, inabaki 5.43, na p inakuwa karibu 6×10⁻⁸. Umeanguka nje ya mstari wa 5×10⁻⁸. Huo mstari si wa kichawi, unatokana na kugawa 0.05 kwa majaribio takriban milioni moja yanayojitegemea, na hesabu hiyo ilifanywa kwa kutazama jenomu za watu wa asili ya Ulaya. Kwa watu wa asili ya Afrika majaribio yanayojitegemea ni mengi zaidi, hivyo mstari unatakiwa uwe mkali zaidi.

Lambda 1.12 ina chanzo cha aina mbili. Ugonjwa unaoguswa na jeni nyingi sana huinua lambda kwa haki kabisa. Tofauti ya asili kati ya makundi mawili nayo huinua lambda, na hiyo ni sumu: wagonjwa wametoka hospitali ya jamii moja, wasiougua wametoka jamii ya pili, na kila alele inayotofautiana kati ya jamii hizo itaonekana "inahusika". Chora vijenzi vikuu viwili vya kwanza (muhtasari wa tofauti za asili za watu kutoka SNP zote), paka wagonjwa rangi moja na wasiougua nyingine. Mawingu yasipolala juu ya mwenzake, weka vijenzi 10 kwenye modeli ya regresheni, au tumia modeli mchanganyiko yenye matriksi ya undugu, kisha pima lambda upya. Ikishuka hadi 1.02 na SNP yako ikabaki na OR ile ile, endelea. OR ikianguka nayo, ulikuwa unapima ukoo, si ugonjwa.

Kromosomu_22 amejibu:

Najibu swali la pili, la jeni ipi, maana hapa ndipo watu wengi wanaposema kupita data inavyoruhusu.

GWAS, yaani utafiti wa SNP za jenomu nzima kama huu wa mwenye mada, inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Vipande vya kromosomu hurithiwa vikiwa vimeshikana, kwa hiyo alele iliyo jirani na mhusika inabeba ishara ya mhusika. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa figo. Mwaka 2008 utafiti kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika ulikuta ishara kali sana kwenye kromosomu 22, ndani ya MYH9. Jeni hiyo inafanya kazi kwenye seli za chujio la figo, na mabadiliko yake adimu yalikuwa yanajulikana kuharibu figo. Kila kitu kilioana, kama ilivyo introni ya mwenye mada. Ila hakuna aliyepata varianti ndani ya MYH9 inayobadilisha chochote cha maana. Mwaka 2010 jibu likapatikana kwa jirani, APOL1: alele mbili, G1 yenye mabadiliko mawili ya amino asidi (S342G na I384M), na G2 iliyopoteza herufi sita na hivyo amino asidi mbili. Hazikuonekana mwanzoni kwa sababu hazikuwa kwenye chipu, wala kwenye paneli zilizotumika wakati huo. Ukiziingiza G1 na G2 kwenye regresheni, ishara ya MYH9 inazimika.

G1 na G2 zipo kwa wingi Afrika, hasa Magharibi, na sababu inayodhaniwa ni malale. Protini ya APOL1 kwenye damu huua trypanosoma, vimelea vya jamii inayoleta malale. Trypanosoma brucei rhodesiense ina protini ya kujikinga inayoikamata APOL1 ya kawaida. G1 na G2 zimebadilika mahali pale pale pa kukamatwa, hivyo kwenye mirija ya maabara zinaua hata rhodesiense. Nasisitiza hili kwa sababu linaeleza kwa nini alele yenye madhara kwa figo iwe ya kawaida kiasi hicho, na kwa nini ukiitafuta kwa watu wa Ulaya karibu hutaiona.

Jambo lingine kutoka APOL1 ambalo linahusu modeli yako: hatari iko hasa kwa mwenye alele mbili za hatari, G1/G1, G2/G2 au G1/G2. Modeli ya kawaida ya kuongeza kwa kila nakala inapoteza nguvu hapo. Tena, ukizipima G1 na G2 kama SNP mbili zinazojitegemea unavuruga hesabu, kwa sababu mtu wa G1/G2 anasomeka ana nakala moja hapa na moja pale, kumbe ni mtu wa hatari kamili. Alele hizi mbili hazikai kwenye kromosomu moja, kwa hiyo jumlisha: nakala za G1 kwa rs73885319, nakala za G2 kwa rs71785313, ukipata 0, 1 au 2. Kisha pima 2 dhidi ya 0 na 1.

Mfano wa pili, wa kinyume. Mwaka 2009 GWAS ya malaria kali huko Gambia ilipitia eneo la HBB. Sote tunajua mhusika yupo pale: mwenye nakala moja ya selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Pamoja na nguvu hiyo yote, SNP za chipu zilitoa p ya 4×10⁻⁷ tu, haikufika mstarini. Walipolisoma eneo hilo herufi kwa herufi kwa baadhi ya Wagambia na kutumia usomaji huo kujazia wengine, p ikawa 4×10⁻¹⁴ na kilele kikakaa juu ya rs334 yenyewe. Chipu ilichaguliwa kwa mishikamano ya watu wengine. Kwa Waafrika vipande vilivyoshikana ni vifupi zaidi, mjumbe anakuwa hamjui vizuri mwenye ujumbe. Ufupi huo huo ni faida unapofika hatua ya kumbainisha mhusika, kwa sababu washukiwa wanaobaki ni wachache.

Kwa vitendo, fanya hivi. Rudia regresheni ukiwa umeweka SNP ya juu ndani ya modeli. Kikibaki kilele cha pili, eneo lina wahusika zaidi ya mmoja. Kisha endesha programu ya kuchuja washukiwa, SuSiE au FINEMAP, ikupe kundi la varianti lenye asilimia 95 ya uwezekano wa kumbeba mhusika. Matriksi ya r² itoke kwenye sampuli zako mwenyewe. Ukiazima ya paneli isiyofanana na watu wako, programu itakutajia mhusika mmoja kwa uhakika wa 0.99 na atakuwa siye. Kundi likirudi na varianti 40, andika 40.

Na kuhusu jeni iliyo karibu: SNP za uzito wa mwili ziligunduliwa mwaka 2007 ndani ya introni ya FTO, na kwa miaka mingi FTO ikaitwa jeni ya unene. Kazi za 2014 na 2015 zilionyesha kwamba eneo lile la introni linagusa IRX3, iliyo mbali karibu nusu milioni ya herufi. rs1421085 ikigeuka kutoka T kuwa C, kidhibiti kinaachia, na IRX3 na IRX5 zinapanda kwenye seli changa za mafuta. Introni ilikuwa ni swichi ya chumba kingine. Kwa hiyo linganisha ishara yako na data za kiwango cha usomaji wa jeni (seli inavyoitumia jeni kwa wingi gani) kwenye tishu husika, kwa kipimo kinachouliza kama vilele viwili vina mhusika mmoja, usitosheke na "SNP yangu pia inagusa usomaji wa jeni fulani". Kwenye jenomu hii ni rahisi mno kukuta SNP inayogusa usomaji wa jeni fulani.

Nukta_Moja ameandika:

Shukrani nyingi, hasa kwa hilo la rs334 kuwa A/T, na la kujumlisha G1 na G2. Bado lile la tatu: tuseme yote yamepita, vijenzi vimewekwa, ishara imebaki. Mwenye nakala mbili anaambiwa nini? Na kama ameleta faili ghafi la kipimo cha kununua mtandaoni?

Hesabu_Kamili amejibu:

Kwanza OR yako usiichukue ilivyo. SNP iliyochaguliwa kwa sababu imevuka mstari karibu kila mara imekadiriwa juu ya ukweli wake, kwa kuwa zile zilizobahatika kushuka hazikuvuka. Kabla ya kumwambia mtu yeyote chochote, irudie kwa watu wapya. Upange kwa OR ndogo zaidi, tuseme 1.20: kwa alele ya asilimia 20, nguvu (uwezekano wa kuiona ishara iliyopo) ya asilimia 80 na p ya 0.05, unahitaji karibu wagonjwa 1,500 na wasiougua 1,500. Anayepanga kwa 1.30 atakusanya karibu 700 kila upande, akose, halafu aseme ugunduzi ulikuwa wa uongo, kumbe sampuli hazikutosha.

Sasa hatari yenyewe. Data ya wagonjwa dhidi ya wasiougua haina ndani yake kiwango cha ugonjwa kwenye jamii, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye uliyeamua wawe nusu kwa nusu. Kiwango hicho ukitoe nje, kwenye rejista au utafiti wa kufuatilia watu, na kiwe cha umri na jinsia ya mtu aliye mbele yako. Tuseme ni asilimia 2. Hatari ya wastani wa jamii nzima ni mchanganyiko wa makundi matatu:

0.64 × 1 + 0.32 × 1.30 + 0.04 × 1.69 = 1.12

Asiye na nakala: 2 ÷ 1.12, karibu asilimia 1.8. Mwenye moja: 2.3. Mwenye mbili: 3.0. (Ugonjwa ukiwa adimu hivi, OR na uwiano wa hatari zinakaribiana, ndiyo maana njia hii ya mkato inakubalika.) Kwa maneno ya kumwambia mtu: kati ya watu 1,000 wasio na alele hii, 18 wataugua, kati ya 1,000 wenye nakala mbili, 30 wataugua na 970 hawataugua. Namba zote mbili zitajwe, wa kuugua na wa kutougua. "Asilimia 30 zaidi" bila msingi wake ni maneno yanayotisha na hayasaidii uamuzi wowote.

Ugonjwa ukiwa wa kawaida, acha njia ya mkato. Kwa kiwango cha asilimia 40, uwiano wa wagonjwa kwa wazima ni 40 kwa 60, yaani 0.667. Zidisha kwa OR ya 3 unapata 2, ambayo ni asilimia 66.7. Hatari imepanda mara 1.67, haikupanda mara 3. Kosa hili linachapishwa kila siku.

OR kubwa nayo isikudanganye. Kwa APOL1, makadirio ya mwaka 2011 kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika yaliipa FSGS, yaani makovu kwenye vichujio vya figo, OR ya karibu 17 kwa mwenye alele mbili za hatari. Bado hatari yake ya maisha nzima kwa ugonjwa huo ilikadiriwa kuwa asilimia 4. Makadirio yale yale, kwa mwenye alele mbili na VVU visivyotibiwa, yalifika asilimia 50 kwa ugonjwa wa figo unaotokana na VVU. Jeni ni ile ile; kilichobadilika ni VVU. Ndiyo maana mtu wa alele mbili anatakiwa aulizwe shinikizo la damu, VVU, protini kwenye mkojo na kreatinini, na haya ndiyo yanayoweza kufanyiwa kitu.

Kuna alele zinazosomwa kwa pamoja, na hapa mafaili ghafi yanawachanganya watu sana. APOE, ile ya Alzheimer, ni SNP mbili: rs429358 na rs7412. T na T kwenye kromosomu moja ni ε2. T na C ni ε3. C na C ni ε4. Mtu mwenye CT sehemu zote mbili kwa vitendo ni ε2/ε4. Akisoma rs429358 peke yake akaona C atajua ana ε4 moja, lakini hatajua kwamba ya pili ni ε2. Na ile hatari ya karibu mara tatu kwa ε4 moja imetoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Kwa watu wa asili ya Afrika uhusiano upo lakini ni dhaifu zaidi, kwa hiyo namba hiyo haihamishwi.

Alama za hatari za jeni nyingi zina tatizo lile lile, kubwa zaidi. Uchambuzi wa 2019 ulionyesha kuwa alama zilizojengwa kwa data za Ulaya zilitabiri kwa usahihi mdogo mara 4.5 hivi kwa watu wa asili ya Afrika. Mishikamano ya alele imebadilika, wingi umebadilika, na varianti nyingi za Afrika hazikuwamo tangu mwanzo. Mbaya zaidi, wastani wa alama unahama: kundi zima linaweza kusomeka "hatari kubwa" kwa sababu ya wingi wa alele tu. Ripoti ikisema "uko kwenye asilimia 5 ya juu", uliza ni ya juu ya nani.

Kishada_Tatu amejibu:

Kwa faili ghafi la mtandaoni nina neno moja zito: usimpe mtu majibu ya varianti adimu kutoka kwenye chipu. Rudi kwenye vishada. Varianti iliyo kwa mtu mmoja kati ya 100,000 haina kishada cha katikati, ina nukta moja iliyotangatanga, na programu inabahatisha. Ulinganisho wa chipu na usomaji kamili uliotolewa mwaka 2021 kwa data za UK Biobank, hifadhi kubwa ya data za afya ya Uingereza, ulikuta kwamba kwa varianti zilizo chini ya asilimia 0.001, ni asilimia 16 tu ya zile chipu iliyosema zipo zilizothibitika. Kwa varianti adimu za hatari za BRCA, jeni za saratani ya matiti na ovari, ilikuwa karibu asilimia 4. Watu wanaweza kukatwa matiti au ovari kwa jibu kama hilo. Chukua sampuli mpya, isomwe kwenye maabara ya tiba, ndipo mzungumze.

Kinyume chake nacho: vimekuwapo vipimo vya nyumbani vilivyoangalia mabadiliko matatu tu ya BRCA1 na BRCA2, yale ya kawaida kwa Wayahudi wa Ashkenazi. Jibu la "hakuna" la kipimo kama hicho kwa mtu mwingine yeyote karibu halimwambii kitu.

Mstari_Mnyoofu amejibu:

Na hata usomaji ukiwa sahihi, lebo ya "inaleta ugonjwa" nayo ikaguliwe. Utafiti wa 2016 ulionyesha varianti kadhaa zilizokuwa zimeandikwa kuwa ndizo chanzo cha ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe ni za kawaida kwa Wamarekani weusi, na baadhi ya wagonjwa walikwisha kupewa majibu hayo. Kundi la ulinganisho halikuwa na watu wa asili yao wa kutosha. Kabla ya kuandika neno "inaleta", fungua gnomAD, hifadhidata ya wingi wa varianti, na utazame wingi kwa kila asili, sio ule wa jumla. Varianti iliyo kwenye asilimia 1 ya kundi lolote haiwezi kuwa chanzo cha ugonjwa mkali unaompata mtu mmoja kati ya 500 kwa nakala moja, isipokuwa karibu wabebaji wote wawe wazima.

Nukta_Moja ameandika:

Hili la mwisho limenisaidia sana. Swali dogo la kufungia: data niliyo nayo kwenye chipu ina rs73885319 lakini haina rs71785313. Naweza kuhesabu alele za APOL1 kwa G1 peke yake?

Kromosomu_22 amejibu:

Hapana. Mtu wa G1/G2 utamwandika ana nakala moja, na wa G2/G2 utamwandika hana hata moja, kisha utawapanga kundi la wasio na hatari na OR yako itapungua. G2 ni upungufu wa herufi sita, chipu nyingi hazina au zinaisoma vibaya. Jaribu kuijaza kwa paneli yenye jenomu nyingi za Kiafrika, ukubali ubora usiopungua 0.9, na thibitisha sampuli 50 hivi kwa kusoma kipande hicho kwa njia ya Sanger, ukihakikisha umechagua wa kila aina: waliosomeka hawana, wenye moja na wenye mbili. Ukiwa unasoma kipande hicho, panua usomaji ufike na N264K, badiliko lingine la APOL1. Ikiwa kwenye kromosomu moja na G2, hatari ya G2 inapungua sana, na mtu huyo hastahili kuhesabiwa pamoja na wenye alele mbili.

Kwenye karatasi ya matokeo andika alele zenyewe, G1/G2 au G0/G1 (G0 ni alele ya kawaida), usiandike "chanya" au "hasi". Daktari atakayeisoma baada ya miaka mitano atahitaji kujua ni zipi.